Namna ya Kukadiria Bei ya Soko ya Trekta Kongwe la Mvuke

Trekta la mvuke lenye umri wa miaka mia moja halina orodha ya bei kama gari lililotumika. Wauzaji ni wachache, wanunuzi nao ni wachache, na mauzo mengi makubwa hufanyika kimyakimya kati ya watu wanaofahamiana miaka mingi. Hata hivyo bei yake inaweza kukadiriwa kwa kiwango cha kuaminika, mradi anayekadiria azingatie kwamba sehemu kubwa ya thamani ya mashine hii imo ndani ya boila na ndani ya makaratasi yake, mahali ambapo jicho la mgeni halifiki upesi. Rangi mpya na shaba inayong'aa ndivyo vitu vya kwanza kumvutia mtazamaji, na kwa maoni yangu ndivyo vinavyopaswa kutazamwa mwisho kabisa.

Maelezo haya yanahusu hasa Uingereza na Marekani, kwa kuwa huko ndiko mashine hizi zilikotengenezwa kwa wingi na ndiko soko lake lililo hai lilipo hadi leo. Yanaweza kumfaa mrithi aliyeachiwa mashine asiyoijua, mfanyakazi wa bima, mtunza makumbusho, au mtu anayetaka kununua kwa mara ya kwanza na hapendi kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Bei ya nini, na kwa ajili ya nani

Kabla ya kugusa chuma chochote, ulizia makadirio yanatakiwa kwa sababu gani. Bei ya soko ni kiasi ambacho mnunuzi na muuzaji wenye hiari, wenye taarifa za kutosha na wasioharakishwa na shida, wangekubaliana katika tarehe fulani. Thamani ya bima ni kitu kingine, kwa sababu mwenye mali anataka kulipwa gharama ya kupata mashine nyingine ya aina hiyo, pamoja na usumbufu wa kuitafuta, na kwa hiyo mara nyingi huwa juu zaidi. Mali ya marehemu inayotakiwa kugawanywa kwa warithi kabla ya mwisho wa mwaka huelekea kuuzwa chini ya bei ya soko, hata kama hakuna kasoro yoyote kwenye mashine yenyewe. Mthamini anayetoa tarakimu moja bila kutaja ni ya nini atakuwa amewapa ndugu wa marehemu sababu ya kugombana.

Sakafu ya bei ni chuma chakavu. Mashine hizi huitwa pia injini: injini ya kawaida ya shambani ina uzito wa tani 8 hadi 12, na injini kubwa za kulimia zinazidi tani 20. Zidisha uzito huo kwa bei ya siku ya chuma chakavu, toa gharama ya kuukata na kuusafirisha, na utapata kiasi ambacho chini yake hakuna mwenye akili timamu atakayeuza. Siku hizi hata gofu lililokaa porini miaka sabini huuzwa juu ya sakafu hiyo, jambo ambalo halikuwa hivyo katika miaka ya 1940 na 1950, wakati maelfu ya injini zilipokatwakatwa ili kuyeyushwa.

Kuitambua mashine kwa usahihi

Mwaka 1859 Thomas Aveling wa Rochester, katika jimbo la Kent, aliichukua injini ya mvuke iliyokuwa ikikokotwa na farasi kutoka shamba hadi shamba, akaifunga mnyororo kutoka kwenye mhimili wake hadi kwenye magurudumu ya nyuma ili ijikokote yenyewe. Kutoka hapo zilizaliwa jamii kadhaa za mashine, na kila jamii ina soko lake. Injini za kazi zote za shambani zilivuta mashine ya kupura ngano na kuizungusha kwa mkanda. Rola za mvuke zilishindilia barabara. Injini za barabara zilivuta mizigo mizito. Injini za kulimia zilisimama mbilimbili, moja kila upande wa shamba, zikivutana jembe kwa kamba ya chuma. Halafu kuna zile za watembeza burudani, waliozunguka na mabembea na mataa kutoka mji hadi mji: hizi zina dainamo mbele ya dohani, paa refu kuanzia mbele hadi nyuma, na nguzo za shaba zilizosokotwa.

Nchini Uingereza mpangilio wa bei hufuata jamii hizo kwa kiasi kikubwa. Rola ndizo za bei nafuu kwa sababu zilibaki nyingi, halmashauri na makandarasi waliendelea kuzitumia hata baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwendo wake ni wa taratibu mno kwa anayetaka kusafiri nayo. Injini za shambani hufuata. Matrekta madogo ya tani 5, yaliyoenea baada ya sheria ya 1903 kuruhusu mashine nyepesi ziendeshwe na mtu mmoja, hupendwa kupita ukubwa wake kwa kuwa hubebeka juu ya lori la kawaida la kusafirishia mitambo na hutosha katika ghala la nyumbani. Juu kabisa zimekaa injini za watembeza burudani za Charles Burrell wa Thetford, John Fowler wa Leeds na William Foster wa Lincoln. Bora kati yake zimewahi kuvuka pauni laki tano. Fowler walimaliza jamii hiyo mwaka 1934 kwa injini iliyoitwa "Supreme", na Burrell ya mwisho ya jamii hiyo iliundwa mwaka 1930 katika karakana ya Garrett huko Leiston, baada ya kiwanda cha Thetford kufungwa.

Tofauti hiyo ya bei ndiyo iliyozaa tatizo ambalo mthamini hukutana nalo mara kwa mara. Rola ni rahisi na injini ya watembeza burudani ni ghali. Kwa hiyo tangu harakati za kuhifadhi mashine hizi zilipoanza, watu wameng'oa gurudumu la mbele la rola, wakafunga ekseli na magurudumu mawili, wakaongeza paa, dainamo na nguzo za shaba, wakaipa jina la kifahari. Mashine kama hiyo inaweza kuwa kazi nzuri ya fundi mwenye kipaji, na inaweza kumfurahisha mwenye nayo kuliko ile ya asili, lakini soko huipa sehemu tu ya bei ya iliyotoka kiwandani hivyo. Geuzo la zamani, lililofanywa na mtembeza burudani mwenyewe enzi za kazi, huhesabiwa tofauti na geuzo la juzi, kwa kuwa lenyewe limeshakuwa sehemu ya historia ya mashine.

Ufunguo wa kutofautisha ni namba ya kiwandani. Usiridhike na kibao cha shaba peke yake, kwani vibao hutengenezwa upya na kuuzwa kama vitu vya kawaida. Chukua tochi, kitambaa chenye mafuta ya taa na brashi ndogo ya waya, kisha safisha ncha ya mhimili mkuu wa krenki, kichwa cha fimbo ya pistoni, kasha la valvu na vipande vingine vya mwendo. Mara nyingi utakuta tarakimu zilezile zimepigwa kwa mkono wa fundi wa kiwandani, moja ikiwa imeinama kidogo kuliko nyingine. Zikipatana na kibao na pia na kumbukumbu za kiwanda, una mashine moja. Zikikinzana, huenda una boila ya mashine hii, silinda ya ile na magurudumu ya nyingine, na bei inapaswa kueleza hivyo. Kumbukumbu za Fowler zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Maisha ya Vijijini ya Uingereza, mjini Reading, na chama cha Road Locomotive Society, kilichoanzishwa mwaka 1937, kimekusanya taarifa za injini moja moja kwa miongo mingi.

Marekani ramani ni nyingine. Kampuni ya J. I. Case ya Racine, Wisconsin, ilitengeneza injini nyingi kuliko mwingine yeyote, na kwa sababu hiyo mnunuzi wa Case anapata vipuri, ushauri na watu wa kumuuzia baadaye. Injini yake ya nguvu za farasi 65 ni kama shilingi ya soko hilo: kila mtu anaijua, na bei za nyingine hupimwa kwa kulinganishwa nayo. Ile ya nguvu 110 ni kubwa, ni chache na inagombaniwa. Avery ya Peoria, yenye silinda zilizofungwa chini ya boila kama garimoshi, ina wapenzi wake maalumu, na vilevile Reeves ya Columbus, Indiana. Kuna pia viwanda vidogo ambavyo zimebaki injini mbili tatu tu na bado haziuzwi ghali, kwa sababu uchache huleta pesa pale tu wanapokuwapo watu wawili wanaokitaka kitu kilekile siku moja. Wauzaji hupenda kutamka neno "adimu" kwa sauti kubwa. Mthamini aulize ni adimu kwa nani.

Angalia pia kipimo cha nguvu. Namba ndogo za Waingereza, kama 6 au 7, ni za nguvu ya kimapokeo iliyotokana na ukubwa wa silinda, wala hazielezi kazi halisi ambayo mashine inaweza kufanya. Case walibadilisha mfumo wao wa kuhesabu, hivyo injini iliyowahi kuuzwa kama 32 ndiyo ileile iliyokuja kuitwa 110. Anayelinganisha bei bila kulijua hilo analinganisha ng'ombe na ndama.

Boila ndiyo injini

Hapa ndipo mthamini anapopaswa kutumia muda mwingi, na hapa ndipo anapopaswa kukiri mpaka wa taaluma yake na kumwita mkaguzi wa boila mwenye sifa. Silinda iliyochakaa huchongwa upya, beringi humiminwa nyingine, gia husubuiwa. Boila iliyoliwa na kutu inaweza kugharimu zaidi ya mashine yote iliyobaki.

Omba kwanza vyeti. Uingereza mwenye injini inayotembea mbele ya watu huwa na ripoti ya mkaguzi aliyeteuliwa kupitia bima: ukaguzi wa kila mwaka ikiwa baridi na kuvuliwa vifuniko, halafu ukaguzi ikiwa na mvuke, na jaribio la shinikizo la maji ambalo kwa kawaida hurudiwa kila miaka 10. Ukikuta jaribio hilo limebakiza mwaka mmoja, umekuta gharama iliyo mlangoni, kwa maana maandalizi yake huambatana na kung'oa mirija inayopitisha moshi wa moto katikati ya maji, na kuchunguza kila kilichofichika. Marekani kila jimbo lina sheria yake, na boila inayoruhusiwa jimbo moja inaweza kukataliwa jingine. Mnunuzi wa mbali huanza kwa kuuliza kama itapita kwao.

Kisha omba vipimo vya unene wa mabamba kwa mawimbi ya sauti. Ripoti nzuri ina mchoro wa boila uliogawanywa kwa miraba, na kila mraba una tarakimu yake; ripoti ya vipimo vitano au sita vilivyochukuliwa pale palipokuwa rahisi kufikika haina maana. Tazama zaidi kuta za tanuri zilizo upande wa maji karibu na sehemu ya chini, ambako matope na magamba ya chokaa hukaa na kula chuma polepole, bamba la mirija, na paa la tanuri, yaani bamba linalofunikwa na maji kwa juu huku moto ukilipiga kwa chini. Bamba la tanuri lililoanza na unene wa milimita 9.5 likapungua hadi 7.1 limepoteza robo ya unene wake, na mtu angedhani nguvu nayo imepungua kwa robo. Sivyo. Kwa bamba bapa lililoshikiliwa na stei, yaani vile vyuma vifupi vinavyoshikanisha ukuta wa ndani na wa nje, shinikizo linaloruhusiwa hufuata mraba wa unene, kwa hiyo bamba hilo limebaki na asilimia 56 tu: injini iliyojengwa kwa pauni 150 kwa inchi ya mraba inashuka hadi kama 84. Kwa shinikizo hilo itatembea uwanjani, ila haitavuta mzigo mlimani, na mnunuzi mwenye uzoefu atatoa bei ya injini inayohitaji tanuri jipya.

Ingiza kichwa na taa ndani ya tanuri kupitia mlango wa moto, hata kama suruali itachafuka. Vichwa vya stei viwe vimejaa na vya duara. Vikiwa vimeliwa hadi kubaki kama sarafu nyembamba, hesabu ubadilishaji wake. Michirizi myeupe au ya rangi ya kutu inayoteremka kutoka kwenye kichwa cha stei au kwenye mwisho wa mrija inaonyesha mahali maji yanapovuja mashine ikiwa moto. Bamba lililotuna kati ya stei na stei limewahi kupata joto kupita kiasi. Angalia pia kama kuna viraka vilivyochomelewa juu juu. Kiraka chenye karatasi za fundi aliyekifanya na mkaguzi aliyekipitisha si aibu, lakini kiraka kisicho na mwenyewe hupunguza bei kwa kiasi ambacho muuzaji hatapenda kusikia.

Namna boila ilivyoungwa nayo ina uzito. Katika boila nyingi za zamani bamba lililokunjwa kuwa duara hupandanishwa kingo moja juu ya nyingine na kupigwa ribiti, na hiyo huifanya isiwe duara kamili. Nyufa zinaweza kuanzia chini ya mpandano huo, zisionekane kwa macho. Boila za baadaye zilikutanisha kingo uso kwa uso na kuzifunika kwa mabamba mengine. Hizi za pili huruhusiwa shinikizo kubwa zaidi, na Marekani tofauti hiyo pekee yaweza kutenganisha mashine mbili zinazofanana kwa kila kitu kingine.

Asiyeelewa kwa nini soko limekuwa kali juu ya jambo hili na akumbuke tarehe 29 Julai 2001, katika viwanja vya maonesho vya Medina, Ohio, ambapo injini ya Case ya nguvu 110 ilipasuka, ikaua watu watano na kujeruhi makumi ya wengine. Maji yalikuwa yameshuka chini ya paa la tanuri, na bamba lenyewe lilikuwa limeshachakaa. Baada ya hapo Ohio iliweka masharti ya leseni na ukaguzi kwa boila za kihistoria, majimbo mengine yakaangalia upya ya kwao, na wanunuzi wakajifunza kudai vipimo kabla ya kutoa hata malipo ya awali.

Swali linaloulizwa sana ni kama boila mpya hupandisha au huteremsha bei. Kwa anayetaka kuendesha, boila mpya iliyotengenezwa na karakana inayotambulika, yenye vyeti kamili, hupandisha. Hata hivyo ni nadra bei kupanda kwa kiasi chote kilichotumika. Kwa mashine yenye umuhimu mkubwa wa kihistoria, ambayo boila yake ya asili ingeweza kutengenezwa, kuitupa boila hiyo huondoa kitu ambacho hakirudi. Mimi huandika pande zote mbili katika ripoti na kutaja kama boila ya zamani imehifadhiwa.

Mwendo, gia na vilivyomo

Mengine yanapita haraka zaidi. Zungusha flaiwili kwa mkono ikiwa baridi na usikilize mgongano kwenye beringi kubwa. Ikiwa na mvuke, sikiliza kishindo cha krenki na tazama kama mvuke unatoka dohani kwa pigo zilizo sawa. Meno ya gia yaliyochongoka kama ya papa yanasema kwamba injini imefanya kazi nyingi, na kumimina gia mpya za chuma si jambo la wiki moja. Injini yenye silinda mbili, ambayo mvuke uliotumika mara ya kwanza kwenye silinda ndogo hutumika tena kwenye kubwa, kwa kawaida hupata bei ya juu kuliko ya silinda moja ya umri na ukubwa uleule. Orodhesha vitu vidogo: geja, injekta, pampu, taa, kifuniko cha dohani, zana, kamba ya chuma. Kwa injini ya watembeza burudani, dainamo ya asili iliyopotea ni tundu kubwa katika bei. Kwa injini za kulimia, uliza kama jozi imekamilika, kwa kuwa moja iliundwa kufanya kazi upande wa kulia na nyingine wa kushoto. Jozi yenye namba za kiwandani zinazofuatana ina thamani kuliko jumla ya injini mbili zilizokutanishwa baadaye.

Historia iliyoandikwa

Majina ya wamiliki kuanzia siku mashine ilipotoka kiwandani, picha za enzi za kazi, risiti za matengenezo, kitabu cha usajili, barua za makandarasi: vyote hivi huongeza bei kwa sababu vinaondoa shaka. Injini iliyojulikana tangu mwanzo wa harakati za uhifadhi hufaidika zaidi. Harakati hizo nchini Uingereza kwa kawaida hutajwa kuanzia mwaka 1950, wakati mkulima Arthur Napper wa Appleford alipoishindanisha injini yake ya kiwanda cha Marshall, "Old Timer", na Aveling ya jirani kwa dau la pipa dogo la bia, akashinda. Mashine yenye picha kutoka uwanja kama huo haihitaji kusifiwa na dalali. Nyaraka ziwe za asili au nakala zinazoweza kuthibitishwa. Hadithi ya babu ni nzuri kusikiliza, lakini iandikwe kama hadithi.

Zipo pia mashine ambazo historia yake imezitoa kabisa sokoni. Nje ya Swakopmund, Namibia, ipo injini iliyoletwa mwaka 1896 na Edmund Troost ili ivute mizigo kupitia jangwa, ikashindwa kwa kukosa maji na kwa uzito wake mchangani, watu wakaibatiza jina la Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa wa Ujerumani, kwa kuwa mtu huyo alisifika kusema kwamba amesimama hapo na hawezi kufanya vinginevyo. Ni kumbukumbu ya taifa, na makadirio yoyote juu yake yatakuwa ya bima tu.

Mauzo ya kulinganisha

Sasa tafuta mashine nyingine zilizouzwa. Matokeo ya minada ndiyo ushahidi bora kwa sababu pesa ilitoka kweli. Cheffins wa Cambridge na Aumann wa Illinois ni miongoni mwa madalali wanaouza mashine hizi mara kwa mara na kutangaza matokeo. Bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji, nayo itumike kama dari tu, hasa tangazo likiwa limekaa mwaka mzima. Katika kila matokeo, jua kama tarakimu ni ile iliyopigiwa nyundo au imejumuisha kamisheni ya mnunuzi na kodi, kwa maana tofauti inaweza kuzidi asilimia 10. Jua pia kama lilikuwa soko la kawaida au mnada wa mkusanyiko mashuhuri, ambako watu hununua kumbukumbu ya mwenye mali pamoja na chuma.

Mauzo matatu ya miaka miwili iliyopita, ya jamii ileile na ukubwa unaokaribiana, yana faida kuliko mauzo ishirini ya muongo mzima. Ukikosa matatu, panua kwa kiwanda kingine chenye hadhi sawa kabla ya kurudi nyuma zaidi katika miaka.

Hesabu yenyewe

Tarakimu zifuatazo ni za kubuni, kwa ajili ya kuonyesha njia. Tuseme Marshall ya shambani yenye silinda moja iliuzwa mwaka jana, na mnunuzi alilipa jumla ya pauni 95,000. Boila yake ilikuwa na tanuri jipya na vyeti vyote. Tunayoikadiria inafanana nayo, ila tanuri limefika ukingoni, na karakana imetoa makadirio ya maandishi ya pauni 30,000 kwa tanuri, 4,000 kwa mirija na 5,000 kwa raba za magurudumu. Toa 39,000, inabaki 56,000. Mnunuzi hatakubali kuishia hapo, kwa sababu anabeba usumbufu wa kusubiri na hatari ya kukuta ubovu zaidi boila ikifunguliwa. Ongeza punguzo la moja ya tano ya matengenezo, kama 8,000, tunafika 48,000. Mashine hii ina picha na barua za mmiliki wa kwanza ambazo ile nyingine haikuwa nazo, rudisha 5,000. Jibu ni 53,000, na katika ripoti litaandikwa kati ya 48,000 na 58,000, kwa sababu ushahidi hauruhusu usahihi zaidi ya huo.

Mwenye mali anapaswa kuelezwa kwamba hizo si pesa atakazopokea mkononi. Kama dalali anatoza mnunuzi asilimia 10, na juu ya kamisheni hiyo kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, mnunuzi aliyejiwekea ukomo wa 53,000 ataacha kunyoosha mkono nyundo ikikaribia 47,300. Muuzaji naye akitozwa asilimia 5 pamoja na kodi yake, atabaki na takriban 44,500 kabla ya usafiri.

Njia ya kuanza na gharama, yaani kujumlisha alichotumia mwenye mali kwa miaka kumi na tano ya kukarabati, haifai kabisa. Ukarabati kamili mara nyingi hugharimu kuliko bei ya mashine iliyokamilika, na watu huufanya kwa mapenzi. Risiti hizo zitumike kuthibitisha kazi iliyofanyika na nani aliifanya.

Mambo ya nje yanayosogeza bei

Usafiri wa mashine ya tani 12 unahitaji lori maalumu na pengine vibali vya njia, kwa hiyo mnunuzi wa karibu ana uwezo wa kutoa zaidi. Makaa ya mawe yamekuwa shida Uingereza tangu mgodi wa Ffos-y-Fran huko Merthyr Tydfil ulipofungwa mwishoni mwa 2023, na gharama ya kuwasha injini kubwa kwa wikendi moja sasa inaulizwa kabla ya rangi yake. Kizazi kilichoziona mashine hizi zikifanya kazi kinaondoka, mikusanyiko yake inaingia sokoni kwa pamoja, na zinazoumia kwanza ni zile za kati, rola na injini za shambani zenye boila ya mashaka. Zile bora kabisa hazijaonyesha dalili ya kukosa watu.

Sheria za kutoa mali nje ya nchi zisisahauliwe. Uingereza huhitaji kibali kwa vitu vya zaidi ya miaka 50 vinavyovuka kiwango fulani cha thamani, na kibali kinaweza kucheleweshwa ili taasisi ya ndani ipate nafasi ya kununua. Anayekuta mtambo wa mvuke wa zamani kwenye shamba la Tanzania au Kenya naye aanze kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 au Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, kabla hajampigia simu mnunuzi wa Ulaya.

Ripoti itaje tarehe ya ukaguzi, kusudi la makadirio, mauzo yaliyolinganishwa, vyeti vilivyoonekana kwa macho na vile vilivyosimuliwa tu, pamoja na sehemu ambazo hazikufunguliwa. Mimi huweka ukomo wa miezi 12, na huufupisha hadi siku ya jaribio la boila linalofuata iwapo siku hiyo iko karibu zaidi, kwa kuwa matokeo ya jaribio hilo yatabadilisha tarakimu kuliko jambo lingine lolote linaloweza kutokea sokoni katika kipindi hicho.